Plagini Thelathini na Moja

Mama mmoja, jirani yetu wa zamani, ana blogu ya mapishi ya pwani. Asubuhi moja alinipigia simu kabla sijanywa chai. Nikamwamkia, akaitikia harakaharaka: "Marahaba mwanangu. Blogu imekuwa nyeupe. Hakuna pilau, hakuna visheti, hakuna kitu." Nikaifungua kwenye simu yangu: kweli, ukurasa mweupe pe. Nilipoingia kwenye seva, kompyuta ya mbali inayoihifadhi blogu, nikakuta plagini 31.

Plagini, au programu-jalizi kama wanavyoiita watafsiri, ni kipande cha programu kinachochomekwa kwenye programu kubwa ili kuiongezea kazi ambayo haikuzaliwa nayo. Mama alikuwa na ya kuhesabu wageni, ya kuzuia watu wasinakili picha, tatu za vitufe vya kushea WhatsApp na Facebook, mbili za kutengeneza fomu, na moja ya kupamba ukurasa siku za Idi. Kila moja ilikuwa na sababu yake siku ilipowekwa. Usiku ule mojawapo ilijisasisha, ikagongana na nyingine ambayo mtengenezaji wake hakuwa ameigusa kwa miaka, na blogu nzima ikaanguka.

Simlaumu. Aliahidiwa chombo rahisi, na pembeni ya chombo hicho akafunguliwa soko la vitu vya bure. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa kila kitu anachokichukua pale, anaongeza jukumu la ufundi ambalo hakuliomba. Suala ni hili: programu ya kublogu inawezaje kumruhusu kila mtu aiongezee anachotaka, na bado ibaki nyepesi mikononi mwa mtu ambaye anataka tu kuandika? Nitalielezea kupitia WordPress, programu inayoendesha blogu ya mama, kwa kuwa historia yake iko wazi na kwa kuwa, kwa hesabu za W3Techs, wanaofuatilia tovuti zinatumia programu gani, inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani.

Vituo vya njiani

WordPress ilianza mwaka 2003, Matt Mullenweg na Mike Little walipouchukua msimbo (maandishi ya kompyuta yanayounda programu) wa b2, programu ya kublogu iliyoandikwa na Michel Valdrighi ambayo maendeleo yake yalikuwa yamesimama, wakauendeleza. Miaka ile, mwenye blogu akitaka jambo la ziada alifungua faili za programu na kuandika mistari yake humo ndani. Ilikuwa kazi ya fundi, na ilikuwa na balaa moja: toleo jipya likitoka, faili mpya zilifuta marekebisho yako yote. Ulilazimika kuchagua kati ya usalama wa toleo jipya na kazi ya mikono yako.

Toleo la 1.2, la Mei 2004, lilileta mfumo wa plagini. Mwezi huohuo Movable Type, iliyokuwa na jina kubwa kati ya programu za kublogu, ilibadilisha masharti yake ya leseni katika toleo la 3.0, na wanablogu wengi waliokasirika wakahamia WordPress. Walikuta nyumba ambayo ndiyo kwanza imefunguliwa mlango kwa mafundi wa nje.

Mfumo wenyewe ni rahisi kuuelewa ukiufikiria kama daladala. Gari ni kiini cha programu. Msomaji akibofya anwani ya makala, gari linaondoka: linachukua makala kwenye hifadhidata, linaandaa kichwa, linaandaa matini, linachora ukurasa, linafika kwa msomaji. Njiani kuna vituo, na kila kituo kina jina. Gari likifika kituoni, konda anaita: nani ana jambo hapa? Plagini iliyojiandikisha kwenye kituo hicho inapanda, inafanya kazi yake, safari inaendelea. Watu wa programu huviita vituo hivi ndoano.

Viko vya aina mbili. Kuna kituo cha tendo, ambapo plagini inaambiwa kwamba jambo fulani limetokea, ifanye lake: makala imechapishwa, basi tuma barua pepe kwa waliojiandikisha. Na kuna kituo cha chujio, ambapo plagini inakabidhiwa mzigo wenyewe, tuseme matini yote ya makala, inaubadilisha inavyotaka na kuurudisha mikononi mwa konda. Ikisahau kuurudisha, msomaji anapata ukurasa usio na makala. Plagini nyingi zikisimama kituo kimoja, hupangwa kwa namba. Asiyetaja namba hupewa 10. Ndiyo maana plagini tatu za kushea za mama zilikuwa zikigombania mwisho wa kila pishi: zote zilikuwa pale, zote zina 10, na iliyotangulia ilikuwa ile tu iliyojiandikisha mapema.

Faida yake ni kubwa. Plagini haiandiki chochote ndani ya faili za kiini, kwa hiyo gari linaweza kubadilishwa injini na vituo vikabaki na majina yao. WordPress imevitunza vituo vya zamani kwa uaminifu ambao wengi katika kazi hii hawana.

Lakini hakuna kuta. Plagini ya kuhesabu wageni inakimbia ndani ya mchakato uleule wa kiini, kwa mamlaka yaleyale. Inaweza kusoma hifadhidata nzima, kubadilisha makala, kuandika faili kwenye seva, kuunda msimamizi mpya. Umemwita fundi aje kubadilisha balbu ya sebuleni, nawe umempa funguo za nyumba nzima, sanduku la dhahabu likiwemo. Na kwa kuwa wote mko ndani ya mchakato mmoja, kosa lake moja linaweza kuwaangusha wote. Ukurasa mweupe wa mama hauna siri nyingine zaidi ya hiyo.

Kivinjari cha Firefox kilikuwa na hali kama hii. Nyongeza zake za zamani zilikuwa na uwezo wa kugusa karibu kila kitu ndani ya kivinjari, na kila toleo jipya lilikuwa na hatari ya kuzivunja. Novemba 2017, katika toleo la 57, Mozilla, shirika linalokitengeneza, iliufunga mfumo ule na kubaki na nyongeza zinazoomba ruhusa kwa majina: nataka kusoma vichupo, nataka kuona historia. Watu walipoteza nyongeza walizozipenda, nyingine hazikurudi tena, na waliumia kweli. Mimi naona Mozilla walifanya sahihi. Naona pia kwamba WordPress ikifanya hivyo leo itavunja mamilioni ya tovuti za watu ambao hawana fundi wa kumpigia simu.

Asilimia 80 ya nani?

WordPress imeiandika falsafa yake hadharani, na humo mvutano wote unaonekana. Inasema programu itoe maamuzi, isitoe machaguo: kila kitufe kinachoongezwa kwenye mipangilio ni swali ambalo mtengenezaji hakulijibu, akamwachia mtumiaji. Inasema pia kwamba kiini kibebe yale tu ambayo asilimia 80 au zaidi ya watumiaji watayathamini na kuyatumia. Yaliyobaki yaende kwenye plagini.

Ukisoma harakaharaka unadhani kuna kundi dogo la watu wenye mahitaji ya ajabu, wale asilimia 20, na plagini ni zao. Sivyo. Mwalimu anayeweka mitihani ya zamani anataka wanafunzi wapakue faili. Mwandishi wa riwaya anataka sura zifuatane. Mama wa mapishi anataka kadi ya vipimo inayochapika kwenye karatasi moja. Kila mmoja wao yumo ndani ya walio wengi kwa mambo mengi, na yuko nje yao kwa mambo mawili matatu, na hayo mawili matatu ndiyo yaliyomfanya afungue blogu. Kwa hiyo karibu kila blogu inahitaji plagini kadhaa, na hakuna blogu mbili zinazohitaji zilezile.

Hapo ndipo hesabu inapogeuka. Kadiri kiini kinavyokuwa chepesi, ndivyo watu wengi zaidi wanavyosukumwa sokoni. Na sokoni kuna karibu plagini 60,000 za bure katika orodha rasmi pekee. Maswali ambayo kiini kilikataa kumuuliza mtumiaji yanamsubiri huko, tena yakiwa hayajapangwa: kila plagini ina menyu yake, istilahi zake, rangi zake, na bango lake kwenye dashibodi, ukurasa wa ndani wa msimamizi, linaloomba nyota tano au linalotangaza toleo la kulipia. Wepesi wa kiini ulilipiwa, na aliyelipa ni mtumiaji, katika duka jingine.

Kuna swali jingine ambalo kwetu lina uzito wa pekee. Asilimia 80 hiyo ni ya watu wa wapi? Hakuna mkutano wa watengenezaji wa kiini ambao ungekaa siku moja na kuamua kwamba M-Pesa iwe sehemu ya kila blogu duniani, na sidai wangepaswa. Ila kwa muuzaji wa vitabu wa Morogoro au wa Kisumu, malipo ya simu ndiyo malipo. WooCommerce, plagini ya maduka iliyotoka mwaka 2011, nayo ina vituo vyake, na watengenezaji wa programu wa hukuhuku wameviandikia plagini za malipo ya simu bila kumwomba mtu ruhusa. Ninaposikia mtu akisema plagini ni uchafu, zingefutwa zote tubaki na chombo safi, nawakumbuka hawa. Chombo safi kinakuwa safi kwa kipimo cha aliyekiunda. Sisi tulio mbali naye tunahitaji mlango.

Kitalu

Kuna kazi nyingine ya plagini ambayo haisemwi vya kutosha: ni kitalu cha miche. Kuweka vitambulisho (tags), maneno ya kupanga makala kwa mada, kulianzia kwenye plagini, kukaingia ndani ya kiini katika toleo la 2.3 mwaka 2007. Vile visanduku vya pembeni ya ukurasa, wijeti, navyo vilianza kama plagini, vikahamishiwa ndani mwaka huohuo. Ramani ya tovuti inayosomwa na injini za utafutaji iliingia mwaka 2020. Drupal, programu nyingine ya kutengeneza tovuti, nayo ilifanya hivyo mwaka 2015 ilipoihamishia Views, plagini ambayo karibu kila mtu alikuwa nayo, ndani ya toleo la 8.

Mwendo huenda pande zote mbili. Orodha ya blogu rafiki, iliyokuwa pambo la kila blogu enzi zile, iliondolewa kwenye usakinishaji mpya kuanzia toleo la 3.5 mwaka 2012, na anayeitaka sasa anaiweka kama plagini. Hivyo mpaka kati ya kiini na plagini hauchorwi mara moja ukaisha. Unafuata tabia za watu, na soko la plagini ndilo linaloonyesha watu wanataka nini kwa vitendo.

Mche mkubwa kuliko yote ulihamishwa tarehe 6 Desemba 2018. Toleo la 5.0 lilikuja na kihariri kipya cha vipande, kilichokuwa kimelelewa kama plagini kwa jina la Gutenberg. Nia ilikuwa wepesi: mwandishi aone ukurasa wake unavyojengwa, asihitaji plagini ya kupanga safu au kuweka kitufe. Kwa aliyeanza siku hiyo, kilikuwa chepesi kweli. Kwa aliyekuwa ameandika miaka kumi kwenye kihariri cha zamani, vidole vyake vilipotea. WordPress yenyewe ikatoa plagini ya kukirudisha kihariri cha zamani, na ikawekwa kwenye tovuti zaidi ya milioni 5. Hapa plagini haikuongeza kitu. Ilimpa mtu uwezo wa kusema hapana kwa uamuzi uliofanywa kwa niaba yake. Mtu aliyezoea chombo chake ana wepesi wa aina yake, na wepesi huo haupaswi kuchukuliwa kirahisi kwa jina la wepesi wa mgeni.

Waliofunga mlango

Wapo waliochagua upande mmoja. Blogger, iliyozaliwa mwaka 1999 na kununuliwa na Google mwaka 2003, haina plagini kabisa. Ina vijisanduku vichache na kiolezo unachoweza kukihariri. Na kwa Watanzania wa umri wangu, blogu maana yake ilikuwa Blogspot, anwani ya blogu za Blogger. Issa Michuzi aliijenga blogu yake ya picha na habari humo, ikasomwa na Watanzania wa ndani na wa ughaibuni kila siku. Msomaji alitaka picha, habari na mahali pa kutoa maoni, na vyote vilikuwepo. Bei ya wepesi huo ni kwamba unaishi katika nyumba ya kupanga: mwenye nyumba asipotaka kujenga chumba, hakijengwi.

Ghost ilijaribu njia ya tatu. John O'Nolan, aliyewahi kushiriki katika kikundi cha muundo wa WordPress, aliizindua mwaka 2013 akitaka programu ya kuandika na kuchapisha tu. Ghost haina plagini zinazokimbia ndani yake. Inatoa milango ya nje: programu nyingine, ikiwa kwenye seva yake yenyewe, inaweza kuuliza na kupewa makala, au kupashwa habari makala mpya inapochapishwa. Fundi anafanya kazi kibarazani, haingii chumbani. Akianguka, anaanguka peke yake. Kwa uthabiti na kasi, ni muundo mzuri sana. Lakini uanachama wa kulipia ndani ya Ghost umefungamanishwa na Stripe, kampuni ya kupokea malipo mtandaoni, na mwandishi ambaye wasomaji wake wanalipa kwa simu hana pa kuchomeka M-Pesa, ila ajenge daraja lake huko nje, alipie seva nyingine na alitunze. Tumerudi palepale: nani amehesabiwa ndani ya walio wengi?

Kutoka

Mimi nikiletewa programu yoyote inayopokea plagini, kitu cha kwanza ninachokiangalia ni namna plagini inavyoondoka. Kuingia kumekuwa rahisi tangu toleo la 2.7 la mwaka 2008, lilipowezesha kuzisakinisha moja kwa moja kutoka dashibodi: unatafuta, unabofya, imeingia. Kutoka ni habari nyingine. Plagini nyingi zilizofutwa huacha mipangilio yao kwenye hifadhidata, na sehemu ya mipangilio hiyo husomwa kila ukurasa unapofunguliwa, miaka baada ya plagini yenyewe kusahaulika. Mbaya zaidi ni zile zinazopanda alama zao katikati ya maandishi yako. Ulitumia plagini kupanga picha za pishi katika makala 200. Siku unapoiondoa, kila makala inabaki na neno la ajabu ndani ya mabano ya mraba, na msomaji haelewi linafanya nini kati ya nazi na iliki. Mtu akishafika hapo haondoi tena kitu. Anaongeza tu.

Hapo pana hatari ambayo wenye blogu wengi hawaijui: plagini inaweza kubadilisha mmiliki bila wewe kuambiwa. Mwaka 2017, Display Widgets, plagini iliyokuwa kwenye tovuti zipatazo 200,000, iliuzwa na mtengenezaji wake wa awali. Matoleo yaliyofuata yalikuwa na msimbo wa siri uliochapisha makala taka kwenye tovuti za watu, makala ambazo msimamizi akiingia hazioni. Iliondolewa katika orodha rasmi, ikarudi na kuondolewa tena zaidi ya mara moja kabla ya kufungwa kabisa. Waliopata madhara ni pamoja na watu waangalifu, wanaosasisha kila kitu kwa wakati, kama tunavyowashauri sisi wenyewe.

Haya yote hayajaachwa yalivyo. Mwaka 2013 WordPress ilianza kujisasisha yenyewe kwa matoleo madogo ya usalama. Mwaka 2020 ikaruhusu plagini nazo zijisasishe, mwenyewe akitaka. Na mwaka 2019, katika toleo la 5.2, ilifanya jambo ambalo naliheshimu kuliko mengine: ilikubali kwamba plagini zitaanguka. Plagini ikisababisha kosa la kuua ukurasa, programu humtumia msimamizi barua pepe yenye kiungo maalumu. Akikibofya anaingia kwenye dashibodi huku plagini mbovu ikiwa imesimamishwa kwa ajili yake peke yake. Hakuna haja ya kujua seva ni nini. Huo ndio wepesi ninaoutaka: mlango unabaki wazi, na asiye fundi ana njia ya kurudi nyumbani kwake mambo yakiharibika.

Barua ya aina hiyo ilikuwa imetumwa pia usiku ule. Ilikwenda kwa anwani ya kijana aliyemtengenezea mama blogu miaka sita nyuma, ambaye siku hizi yuko Muscat na haifungui tena. Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichobadilisha kilikuwa anwani ya msimamizi.

Kisha tukakaa, mimi na mama, sahani ya visheti katikati, tukapitia plagini moja baada ya nyingine. Nilimuuliza swali moja tu kwa kila moja: hii ikiondoka, nani ataona? Vitufe vya kushea tukabakiza seti moja. Fomu zote mbili zikaenda, kwa sababu watu humwandikia WhatsApp. Ya kuzuia kunakili picha aliing'ang'ania kidogo, mpaka nilipomwonyesha kwamba simu yangu inapiga picha ya skrini bila shida. Ya kadi za vipimo ilibaki, ya kuchukua bekapu ikabaki, ya kuzuia maoni taka ikabaki. Zile 31 zikawa saba, na ukurasa wa pilau ukafunguka kwenye bando la kawaida kabla hajamaliza kumimina chai.

Siku tatu baadaye alipiga tena. Nikashtuka, nikamwamkia. "Marahaba. Blogu nzima, haina neno. Ila kile kihesabu cha wageni umekitoa? Mimi nilikuwa nakiangalia kila asubuhi nikimaliza kuswali."

Nikakirudisha. Ziko nane.